Mize, Nipokee

Badar bin Amjad alirudi kutoka Maskati na cheti cha kompyuta, na tangu arudi aliivaa elimu yake kama mtu anavyovaa kofia mpya, kila mara mkono kichwani kuiweka sawa. Hakuwa mtu mbaya. Tuliseme hilo mapema, maana hadithi yenyewe haitamsitiri. Alikuwa kijana wa Shangani mwenye adabu zake, anayewaamkia wakubwa na kuwapisha wanawake vichochoroni. Ila kulikuwa na neno moja ambalo ulimi wake haukulijua kabisa, nalo ni "sijui".

Mwaka wa 2003, Bi Dalal, mwanamke wa makamo aliyerithi nyumba ya ghorofa huko Kiponda, alifungua humo chumba cha kuhifadhi sauti. Watu wa mjini walikuwa na kanda za zamani majumbani mwao, za harusi, za maulidi, za wazee waliokwisha kutangulia, na unyevu ulikuwa ukizila. Zileteni, alisema Bi Dalal, tuzitie kwenye kompyuta, kila mtu aje asikilize za kwao. Kazi ya kuzitia alimpa Tabia, binti wa Jang'ombe mwenye mkono mwepesi na subira ya kuchambua mchele. Kazi ya kuunda mashine kubwa ya kuzihifadhi alimpa Badar.

Ndani ya mashine ile Badar alifunga diski nne, na kwa programu za Linux akaziunganisha zikafanya kazi kama diski moja. Kila sauti ilikatwa vipande, kila diski ikashika vipande vyake.

"Ni kama hitma, Bi Dalal," alieleza, huku akiiweka sawa ile kofia yake isiyoonekana. "Msahafu una juzuu thelathini. Akisoma mtu mmoja, utakesha. Lakini ukigawa juzuu, kila mtu akashika yake, wote wakasoma kwa pamoja, hitma inakwisha kahawa bado ya moto. Na diski zangu ndivyo zinavyosoma."

Mfano ule ulimpendeza Bi Dalal, akawa anausimulia kwa kila mgeni. Badar naye ulimpendeza, na huo ukawa mwanzo wa msiba wake, kwa sababu mtu akishapenda mfano wake mwenyewe huwa hautazami tena.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Ili diski nne zisome kwa pamoja kweli, kila moja ilitaka waya wake. Ubao wa mashine ulikuwa na nafasi ya nyaya mbili tu. Kadi ya kuongeza nyaya nyingine Badar alikuwa nayo, imo ndani ya boksi lake, haijafunguliwa. Lakini wageni wa ufunguzi walikuwa wameshaalikwa, na kuifunga kadi ile kungetaka kuifumua mashine upya. Basi akaning'iniza diski mbili kwenye kila waya. Leo iende hivi hivi, alijiambia, kesho nitaitengeneza vizuri. Na nani asiyeijua kesho ya fundi? Ndiyo hiyo iliyowafanya watu wangapi wasali Idi na kanzu za mwaka jana. Akaiuliza mashine kama diski zote zi hai, mashine ikajibu zote nne zi hai, na Badar akaona imetosha. Hakuuliza zinasoma vipi.

Katika walioleta kanda alikuwamo Bi Mize, ajuza wa Jang'ombe, jirani yake Tabia. Yeye kanda yake ilikuwa moja tu. Marehemu dada yake, Mwanakhamis, alikuwa akiimba kwenye harusi za mtaani, na katika harusi moja mtu alimrekodi. Bi Mize alikuwa akimwitikia. Katikati ya wimbo Mwanakhamis alifika mahali akakata pumzi na kuita kwa sauti, "Mize, nipokee!" ndipo mdogo wake akaupokea wimbo. Dada alikuwa amekufa zamani, redio ya kuipigia kanda ile ilikuwa imekufa pia, na Bi Mize hakuwa akitaka kingine duniani ila kulisikia jina lake likiitwa vile mara moja tena.

"Nakupa wewe, Tabia, kwa sababu ni wewe," alimwambia. "Mwingine singempa."

Tabia aliitia kanda ile akiwa ameshika roho mkononi. Ilifika mwisho salama, na ilipokuwa ikirudishwa nyuma ikakatika, ikasagika kabisa. Sauti ya Mwanakhamis ikawa haiko tena popote isipokuwa ndani ya mashine ya Badar.

Siku ya ufunguzi chumba kilijaa. Wageni walikaa kwenye viti vyote vya kusikilizia, kila mmoja na spika zake masikioni, kila mmoja na kanda ya kwao. Bi Dalal akaomba sauti ya Mwanakhamis ipigwe kwa spika kubwa ili wote waisikie. Bi Mize alikuwa mbele, amevaa kanga mpya, mikono mapajani.

Kwanza ilisikika sauti ndogo ya Tabia, "Bismillahi," kama alivyosema kwenye maikrofoni kabla ya kuitia kila kanda. Kisha tari, kisha Mwanakhamis mwenyewe. Bi Mize alifumba macho. Halafu sauti ikaanza kukwama. Ikakatika, ikarudi, ikakatika tena, kama mtu mwenye kwikwi. Ilipofika mahali penyewe, spika zilitoa "Mi... Mi..." kisha kimya, kisha "...kee!" na wimbo ukaendelea mbele kama hakuna kilichotokea.

Bi Mize akafumbua macho. Akawatazama watu mmoja mmoja, kama anayeuliza nani kamziba mdomo dada yake.

"Badar, kuna nini?" aliuliza Bi Dalal.

Hapa ndipo lile neno alilokosa lingemfaa. Kujikwaa ulimi kubaya kuliko kujikwaa dole, na Badar alijikwaa ulimi mbele ya chumba kizima.

"Mashine ni nzima, Bi Dalal. Nimeiangalia asubuhi, diski zote nne zi hai. Mashine haina uwongo, inatoa kilichotiwa. Ikiingia imekatika itatoka imekatika." Akatabasamu. "Aulizwe aliyeitia."

Nyuso zote zikamgeukia Tabia.

"Mie nilipoitia ilikuwa nzima," alisema Tabia.

"Uliisikiliza tena baada ya kuitia?"

"Niliisikiliza wakati inaingia."

"Haya," alisema Badar, na ile haya yake ilikuwa na uzito wa hukumu ya kadhi. Mgeni mmoja akanong'ona kwa nguvu za kutosha kusikika kwamba wengine mikono yao mizito, kazi za namna hii haziwafai. Hakuna aliyembishia. Mmoja mtu wa Shangani, mtaa wa wenye nazo, tena mwenye cheti, mwingine mtoto wa Jang'ombe, mtaa wa wanyonge. Kwa baadhi ya watu wa chumba kile hilo peke yake lilikuwa ushahidi.

Lililokuwa baya zaidi ni kwamba Tabia mwenyewe aliamini. Ungemwona alivyokuwa akiigeuzageuza mikono yake na kuitazama. Akaenda akapiga magoti mbele ya Bi Mize.

"Niwie radhi, mama. Mkono wangu huo."

"Nshakuwia radhi, mwanangu," alisema Bi Mize, akampapasa kichwani. Kisha akamtazama Badar. "Na wewe, baba, hebu nijaribie kuitengeneza. Ikiwa tayari niiteni. Mie nipo, nangoja."

"Inshallah, Bi Mize," alijibu Badar, kama tunavyojibu sote tunapokuwa hatuna nia.

Tangu siku ile Tabia aliondolewa kwenye mashine, akawekwa chini mlangoni kupokea wageni na kukunja mazulia. Wanawake wa Jang'ombe waliompa kanda zao wakaja kuzichukua, mmoja baada ya mwingine, wakimpa sababu za upole ambazo hazikumdanganya. Sauti nyingine nazo ziliendelea kukatika, hata zile alizozitia Badar mwenyewe, lakini kwa hizo alisema kanda zimezeeka. Na kila baada ya siku chache Bi Mize alimtuma Tabia apande juu akaulize.

"Bi Mize anauliza, kaka Badar. Bado?"

"Bado," alisema Badar bila kugeuza kichwa.

Alisema bado mara nyingi kiasi kwamba neno lenyewe lilianza kumchosha. Hakuwahi hata siku moja kukaa akaupiga wimbo ule tena. Alichokiogopa hakukijua vizuri, ila alijua kwamba yumo mtu ndani ya wimbo ule anayemngoja.

Kisha Bi Mize akafa. Aliugua homa kidogo tu, akaondoka.

Bi Dalal aliona si vizuri chumba kisiwakilishwe, na Badar akaenda Jang'ombe kwenye hitma. Msikiti ulijaa. Sanduku la juzuu likazungushwa, na lilipomfikia Badar zilikuwa zimekwisha. Mbili zilikuwa zimeliwa na mchwa. Maalim Hamid, aliyeisimamia hitma, akamwambia asome pamoja na Kificho, mwashi mmoja aliyekuwa karibu yake, juzuu moja, juu ya marufaa moja ya kuwekea msahafu.

Wakagawana: Kificho asome kurasa za kulia, Badar za kushoto. Nani aliyewahi kujaribu jambo hilo akalisifu? Badar alimaliza ukurasa wake akataka kufunua, Kificho yuko katikati ya wake, kidole juu ya mstari. Akangoja. Kificho alipomaliza wakafunua, Badar akawa ameshapoteza pumzi yake, akaanza kujikusanya upya. Sasa Kificho akamaliza kwanza, akawa anamngoja yeye. Kila mmoja alikuwa msomaji mzuri peke yake. Wawili juu ya karatasi moja, walisoma chini ya nusu mtu.

Pande zote juzuu zilikuwa zikifungwa. Watu wakanyamaza. Dua ya hitma haisomwi mpaka juzuu ya mwisho imekwisha, hata wengine wote wawe wamemaliza zamani.

"Nani bado?" aliuliza Maalim Hamid.

"Sisi hapa, Maalim," alijibu Kificho, akicheka kidogo. "Wawili, juzuu moja."

"Wapokeeni," alisema Maalim, na kama desturi ilivyo waliomaliza wakasogea na misahafu yao, huyu akapokea kurasa hizi, yule zile, na kazi ikakwisha.

Lakini Badar hakuwa akisikia tena. Wawili, juzuu moja; diski mbili, waya mmoja. Mfano ulikuwa wake mwenyewe, yeye ndiye aliyeuleta, na sasa ulikuwa umemgeukia.

Kutoka pale hakwenda kwao. Alikwenda moja kwa moja Kiponda, akapanda juu, akafanya kitu ambacho kilitaka kufanywa tangu siku ya kwanza na kilichokuwa hakitaki hata cheti. Aliupiga wimbo wa Mwanakhamis mara mbili, huku amewasha viti vingine vyote, kila kimoja kikipiga kanda yake. Mara ya kwanza ulikatika mwanzoni na katikati. Mara ya pili ulikatika pengine kabisa. Kasoro iliyotiwa ndani ya sauti hukaa mahali pake, haitembei. Hii ilikuwa ikitembea. Basi haikuwa ndani ya sauti.

Akaijaribu kila diski peke yake: zote zilisoma upesi. Akajaribu mbili zinazochangia waya mmoja, zisome kwa pamoja: zikajikokota, kila moja ikimngoja mwenzake afunue ukurasa. Akafungua boksi, akaitoa ile kadi, vumbi halijaigusa, akaifumua mashine na kumpa kila msomaji waya wake. Kisha akaiamuru Linux isisubiri kuombwa kila tonge, isome mbele zaidi kabla msikilizaji hajafika. Kazi yenyewe haikumaliza hata mchana mmoja. Akawasha tena viti vyote kwa pamoja, akaupiga wimbo kwa spika kubwa.

"Bismillahi," ilisema sauti ndogo ya Tabia.

Tari ikaingia. Mwanakhamis akaimba, sauti yake pana, haina hata mkwaruzo. Akapanda, akapanda, akakata pumzi, akaita: "Mize, nipokee!" Na kutoka upande wa pili wa harusi ile ya zamani msichana akaupokea wimbo, kwa sauti nyembamba inayotetemeka kwa furaha.

Badar alizima spika. Aibu ilimpanda kutoka miguuni mpaka masikio yakamwaka, na hakukuwa na mtu mle ndani wa kumwona ila yeye mwenyewe, naye alitosha. Tangu siku ya kwanza sauti ilikuwa nzima. Bi Mize angeweza kuisikia siku yoyote katika siku zile alizotuma kuuliza. Angeisikia akiwa hai.

Laiti angesema hapo hapo. Lakini Bi Dalal alikuwa ameshasimama mlangoni, machozi yanamlenga.

"Umeitengeneza! Badar, umeisafisha kazi ya Tabia!"

Badar akaliokota boksi tupu la kadi. Akalikunja.

Baadaye Tabia alipanda na sahani ya visheti, imefunikwa kitambaa cheupe. Alikuwa amevipika mwenyewe.

"Sina cha kukupa, kaka Badar," alisema. "Mola akulipe. Nilikuwa silali. Niliharibu, na wewe umenisitiri."

Alisimama pale mpaka Badar akachukua kimoja akala. Kilikuwa kitamu, na utamu ule ndio uliomuumiza. Usiku na mchana baada ya hapo alijiambia atasema, na kila alipomwona Tabia mlangoni akikunja mazulia alipita haraka, akijifanya anatafuta kitu mfukoni. Mashine ilikuwa imepona, inasoma kama maji. Yeye ndiye aliyekuwa amekwama.

Arubaini ya Bi Mize ilisomwa nyumbani kwake, uani, wanaume wameketi kwenye mikeka, wanawake ndani nyuma ya pazia. Bi Dalal alikuwa ameshawasimulia jamaa wote jinsi fundi wa Shangani alivyoiokoa sauti iliyoharibiwa na mkono wa msichana wa watu. Kwa hiyo Badar alipoingia walisimama kumlaki, wakamvuta mbele, wakamketisha karibu na Maalim Hamid, mahali pa heshima. Safari hii juzuu zilitosha. Alipewa yake peke yake, na marufaa yake peke yake.

Wengine wakaanza kusoma, na mvumo wao ukaujaza ua. Badar alifungua juzuu yake. Alizitazama herufi, nazo zikabaki herufi. Nyuma ya pazia alisikia vikombe vikipangwa, na sauti ya mwanamke mmoja ikisema, "Tabia, angalia usivunje, na mkono wako huo," na wenzake wakacheka bila ubaya, kama watu wanavyocheka jambo lililokwisha kuwa la kawaida. Ilikuwa imekwisha kuwa sifa yake. Ingemfuata mpaka kwa mumewe na wanawe.

Juzuu zikafungwa, moja, nyingine, nyingine. Mvumo ukapungua mpaka ukaisha. Maalim Hamid akainua uso.

"Nani bado?"

Watu wakatazamana. Kificho, aliyekuwa safu ya nyuma, akaangalia huku na huku kumtafuta mzembe.

"Mie," alisema Badar. "Mie bado."

"Malizia, mwanangu, tunakungoja."

"Maalim, nna neno kwanza." Sauti yake ilitoka vibaya, akaanza tena. "Ile sauti ya dada yake Bi Mize, Tabia hakuiharibu. Aliitia nzima, na imekuwa nzima siku zote. Mbovu ilikuwa mashine, na mashine niliifunga mie. Niliifunga ovyo, nikijua naifunga ovyo, kwa kuwa nilitaka wageni wanione. Ilipokatika nikamtupia mwenzangu mbele za watu. Sikuitazama hata mara moja. Bi Mize akituma kuuliza, nikisema bado. Hapakuwa na bado yoyote, ilikuwa kiburi changu tu. Nimeitengeneza baada ya yeye kuzikwa, na nikaacha nisifiwe." Akaligeukia pazia. "Tabia, niwie radhi. Nilikusema mbele za watu, nakuomba mbele za watu."

Nyuma ya pazia vikombe vilikuwa vimenyamaza. Maalim Hamid akaielekezea kidole juzuu iliyo mbele ya Badar. "Soma," alisema.

Badar akasoma. Yaani alijaribu. Neno lilitoka, la pili likakwama. Akarudi nyuma, akaanza upya, akakwama pale pale. Ua mzima ulimsikiliza. Kwa desturi, wakati kama huo waliomaliza husogea wakampokea aliyechelewa. Safari hii hakuna aliyesogea. Misahafu ilikaa mapajani imefungwa, na macho ya watu yalikuwa juu ya mikeka.

Ndipo pazia likatikisika, na sauti ikatoka ndani, ndogo, ile ile ya kabla ya kila kanda. Haikuwa na hasira, na haikuwa na msamaha pia.

"Mpokeeni, jamani," alisema Tabia. "Bi Mize keshangoja vya kutosha."

Kificho akainuka safu ya nyuma, akaja na msahafu wake mwenyewe, akaketi ubavuni kwa Badar na kufungua.

"Umefika wapi?" alinong'ona.

Badar akamwonyesha mstari wa kwanza.